Tramadoli, kodeini na wenzake: utajuaje mwili umeshika, na unashukaje bila kuumia?

MizaniYaDawa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna swali linarudi kila mara kwa sura mpya: "Vidonge vya maumivu nimeandikiwa na daktari, ni miezi sasa, nikichelewa dozi nasikia vibaya. Ndiyo nimekuwa teja?" Majibu huwa ya pande mbili. Mmoja anatisha, mwingine anasema usijali kwani ni dawa ya hospitali. Wote hawajamsaidia muulizaji. Leo tuweke hesabu mezani. Wafamasia, wauguzi na madaktari karibuni, penye kosa rekebisheni.

Kuna mambo matatu yanayotupwa kapu moja.

La kwanza ni mwili kuzoea. Dozi iliyokuwa ikikata maumivu mwanzoni sasa inayagusa tu. Hilo humpata karibu kila mtu anayetumia opioidi (dawa za maumivu za ukoo wa mofini, tramadoli na kodeini zikiwemo) kila siku kwa muda.

La pili ni utegemezi wa mwili. Dawa inapoza mishipa ya fahamu, na mishipa nayo inajibu kwa kujiongezea kasi ili mambo yaende. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kutoka pande mbili. Mmoja akiuachia ghafla, mwenzake anapitiliza hadi ndani. Huko kupitiliza ndiko kunaitwa arosto: miayo isiyoisha, machozi na kamasi, vinyweleo kusimama, jasho, tumbo kukata na kuharisha, misuli kuuma, miguu isiyotulia, usingizi kupotea. Mlevi na mgonjwa mtiifu kabisa wote wanaipata, maana mwili hausomi cheti.

La tatu ndilo uraibu: kushindwa kujizuia. Mwongozo wa DSM-5 wa madaktari wa akili wa Marekani una dalili 11. Mbili au tatu ndani ya miezi 12 ni hali nyepesi, nne au tano ni ya kati, sita na kuendelea ni nzito. Na hapa ndipo wengi hawapajui: kuzoea na arosto zimo katika zile 11, lakini hazihesabiwi kwa mtu anayetumia dawa kama alivyoelekezwa na daktari. Kwa hiyo kupiga miayo na kuumwa mwili dozi ikichelewa, peke yake, hakumfanyi mtu mraibu.

Kinachohesabiwa ni kutumia zaidi ya ulivyokusudia, kujaribu kupunguza ukashindwa, hamu kali, kupoteza muda mwingi kuitafuta, kazi na familia kulegalega, kuendelea ingawa unaona inakuharibu, kuitumia pahali pa hatari kama kwenye usukani.

Nawasilisha.

---

BintiMfamasia

Mkuu umefungua vizuri. Naongeza chombo cha kujipimia, maana kichwa hudanganya ila daftari halidanganyi.

Chora safu tano: saa, miligramu, maumivu kabla (0 hadi 10), maumivu saa moja baada ya kumeza, na sababu ya kumeza. Jaza siku 14 bila kubadilisha chochote. Safu ya tano ndiyo yenye siri. Mstari unaosomeka "saa 2 usiku, 50, maumivu 7, baadaye 3, mgongo" ni dawa inayofanya kazi yake. Mstari wa "saa 5 usiku, 50, maumivu 2, baadaye 2, usingizi umegoma" ni kitu kingine kabisa: hapo kidonge kimekuwa dawa ya usingizi. Ukikuta "hasira", "uchovu", "kabla ya kikao", zihesabu. Zikipita robo ya mistari, mazungumzo na daktari yasisubiri cheti kiishe.

Angalia pia maumivu ya alfajiri. Kodeini ya kawaida hufanya kazi saa nne hadi sita. Aliyemeza ya mwisho saa 2 usiku anaamka saa 11 alfajiri mwili mzima unauma, pua inachuruzika, anapiga chafya. Anasema ugonjwa umezidi, anaongeza kidonge, anapata nafuu, anaamini alikuwa sahihi. Kumbe hiyo ni arosto ndogo ya katikati ya dozi. Kipimo chepesi: maumivu ya ugonjwa hukaa mahali pake, goti ni goti. Ya arosto hutambaa mwili mzima na huja na kamasi.

---

NusuKidonge

Swali kwa wajuzi. Dozi ipi ni kubwa? Mtu wa vidonge vinne vya dawa hii na mtu wa vidonge vinane vya ile, nani yuko pabaya?

---

MizaniYaDawa

Usihesabu vidonge mkuu. Geuza kila kitu kuwa mofini ya kumeza. Mwongozo wa 2022 wa CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, unatumia vizidisho hivi: kodeini 0.15, tramadoli 0.2, haidrokodoni 1, oksikodoni 1.5.

Tramadoli miligramu 300 kwa siku: 300 × 0.2 = 60.
Kodeini 30 mara nane: 240 × 0.15 = 36.
Oksikodoni 40 kwa siku: 40 × 1.5 = 60.

Kuanzia 50 daktari anatakiwa asimame na kupima upya kama faida bado inazidi hatari. Anayesema "mimi natumia tramadoli tu, si kama mofini" aitazame ile 60.

Onyo: hesabu hii ni ya kupima hatari. Si ya kubadilishia dawa. Anayehamishwa kutoka opioidi moja kwenda nyingine hupunguziwa robo hadi nusu ya kiasi kinachotoka kwenye hesabu, kwa sababu mwili uliozoea moja haujazoea nyingine kwa kiwango kilekile. Methadoni ndiyo usiiguse kabisa kwa kikokotoo, inajikusanya mwilini kwa siku kadhaa kabla nguvu yake yote haijaonekana.

---

KisuButu

Sasa wakuu, mbona mnazunguka? Arosto ya dawa za muda mfupi inaanza saa 8 hadi 24 baada ya dozi ya mwisho na inaisha siku 4 hadi 10. Mtu ajifungie ndani wiki moja, anywe maji, atoke mzima. Miezi ya kupunguza ya nini?

---

MzeeWaDripu

KisuButu, tarakimu zako ni sahihi. Hitimisho ndilo linaua watu.

Arosto yenyewe kwa mtu mzima mwenye afya kwa kawaida haiui, ila kutapika na kuharisha bila kurudisha maji kunaweza kumfikisha kwenye dripu. Mauti yako mlango wa pili. Kwa siku chache tu za kuacha, mwili unaanza kusahau mazoea yake. Siku ya tisa mtu hajalala, maumivu yamerudi, anafungua kabati na kumeza dozi yake ya zamani. Dozi iliyokuwa ya kawaida siku kumi zilizopita sasa inazimisha pumzi. Ukitaka kujua kwa nini watu hufa wakitoka kwenye nyumba za kuachia dawa au gerezani, sababu kubwa ni hiyo.

Wako pia wasiotakiwa kukata ghafla kabisa. Mjamzito ni wa kwanza, arosto inaweza kuleta uchungu kabla ya wakati au kuharibu mimba, na matibabu yake ni methadoni au buprenofini (opioidi zinazotumika kutibu utegemezi) chini ya uangalizi. Mwenye ugonjwa wa moyo pia, maana mapigo na presha hupanda.

Hata upande wa madaktari hili si la mjadala tena. Aprili 2019 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo kwamba kumkatia mgonjwa ghafla dozi aliyozoea kumeleta arosto kali, maumivu yasiyoshikika, na watu kutaka kujiua. Daktari akisema "leo mwisho, siandiki tena", una haki ya kumwuliza ratiba ya kushuka iko wapi.

---

BintiMfamasia

Kasi inategemea umetumia muda gani. Viwango vya kuanzia mazungumzo:

Chini ya wiki moja, ukimeza mchana na usiku: nusu ya dozi kwa siku mbili, kisha acha.
Wiki moja hadi mwezi: punguza asilimia 20 kila siku mbili.
Miezi kadhaa: asilimia 10 ya dozi ya mwanzo kila wiki hadi ufike asilimia 30 ya ulipoanzia, kutoka hapo asilimia 10 ya kilichobaki kila wiki.
Mwaka na zaidi: asilimia 10 kwa mwezi, au taratibu zaidi ya hapo.

Karatasi haina shida. Shida ni kidonge, hakigawanyiki kama asilimia. Chukua mtu wa tramadoli 300, kapsuli sita za 50. Anaondoa kapsuli moja kila hatua na anaona anashuka ngazi zinazolingana. Tazama:

300 → 250: amepunguza 17%
250 → 200: 20%
200 → 150: 25%
150 → 100: 33%
100 → 50: 50%
50 → 0: kila kitu

Kapsuli ni ileile, lakini ngazi inazidi kuwa refu. Ndiyo maana watu husema "nilishuka vizuri hadi mbili, hapo ndipo nilipokwama", kisha wanajilaumu kwa kukosa nia. Nia haihusiki hapo. Huyo amekatwa nusu ya dozi kwa siku moja.

Dawa yake ni matone. Ipo tramadoli ya maji yenye miligramu 100 kwa mililita. Hapo 50 ni mililita 0.5, 40 ni 0.4, 30 ni 0.3. Omba bomba la sindano la mililita 1 lisilo na sindano, lina mistari midogo ya 0.01. Soma chupa kabla, kwa kuwa kuna miyeyusho ya nguvu tofauti. Na angalia nukta! Aliyevuta mililita 3 badala ya 0.3 amemeza 300 badala ya 30.

Usifungue kapsuli ukakisia unga kwa macho.

---

NusuKidonge

Na vile vikubwa vya kumeza mara mbili kwa siku, nikikata katikati?

---

BintiMfamasia

Jina lako limenitisha mkuu 😄 Hapana. Vidonge vya kuachia dawa polepole vimetengenezwa vikae saa 12 au 24. Ukivikata, ukivitafuna au ukivisaga, dozi ya nusu siku inaingia damuni kwa mkupuo. Shuka kwa kuomba vya nguvu ndogo (200, kisha 150, kisha 100), halafu daktari akuhamishie kwenye vya muda mfupi kwa hatua za mwisho.

Jambo la pili: usianze kwa kufuta dozi ya mchana yote. Mtu wa 50-50-50 akienda 50-0-50 anaacha shimo la saa 12 hadi 16 na arosto inaingia humo kila siku saa ileile. Punguza kiasi, acha vipindi kama vilivyo. Ukishafika kipimo kidogo kabisa ndipo urefushe saa: kutoka 8 hadi 12, kisha 24. Ukifika pale unapoihitaji chini ya mara moja kwa siku, unaweza kuacha.

---

MzeeWaDripu

Tramadoli ina mambo yake, lazima yasemwe. Ni opioidi, lakini pia inazuia serotonini na noradrenalini zisirudi ndani ya neva, kama zinavyofanya dawa za sonona. Kwa hiyo anayeacha ghafla anaweza kupata arosto ya aina mbili: ile ya kamasi na kuharisha, na nyingine ya hofu kuu, kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwepo, ganzi na michomo kama ya shoti ya umeme. Familia inadhani ni pepo. Ni dawa inatoka.

Ndiyo maana pia haipandishwi kiholela. Ukomo ni 400 kwa siku, na kwa aliyepita miaka 75 ni 300. Juu ya hapo mtu anaweza kuanguka kifafa hata kama hajawahi kuugua kifafa. Hatari hiyo inapanda zaidi akichanganya na dawa za sonona kama fluoksetini au amitriptilini. Mchanganyiko huo unaweza pia kuleta serotonini kupita kiasi: homa, kutetemeka, misuli kukakamaa, mapigo mbio. Hiyo ni ya kukimbizwa hospitali usiku huohuo.

Kuhusu kodeini, hatari mara nyingi imejificha kwenye mwenzake wa ndani ya kidonge. Vidonge vingi vina parasetamoli 500. Ukomo wa mtu mzima ni gramu 4, yaani vidonge 8. Anayefukuza kodeini kwa vidonge 20 amemeza gramu 10 za parasetamoli, na ini halipigi kelele siku ya kwanza. Kikiwa na ibuprofeni, ni vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, figo, na potasiamu kushuka hadi miguu kukosa nguvu. Anayekuja na kinyesi cheusi kama lami aulizwe vidonge anavyomeza.

---

KisuButu

Nimekubali hoja ya mazoea kupotea, sikuwa nimeiweka kwenye mizani. Lakini hiyo wiki ya kila hatua bado ni mateso. Kuna cha kupunguza makali?

---

MizaniYaDawa

Vipo, kila kimoja na mtego wake.

Klonidini hutuliza jasho, mapigo na kuhangaika. Inashusha presha, kwa hiyo hupimwa kabla ya kila dozi, na namba ya juu ikiwa chini ya 90 dozi inarukwa. Ni ya cheti, na yenyewe haiachwi ghafla.

Loperamidi ya kuharisha: miligramu 4 mwanzo, kisha miligramu 2 kila baada ya choo cha maji. Bila daktari usipite miligramu 8 kwa siku, na hata kwa cheti mwisho ni 16. Mtego: ni jamaa wa opioidi, na kuna wanaobugia makumi ya vidonge ili kuzima arosto. Kwa dozi hizo inavuruga umeme wa moyo na mtu anaanguka. FDA ilionya juu ya hili 2016.

Maji ya ORS ni bora kuliko maji matupu kwa anayeharisha. Ibuprofeni au parasetamoli kwa misuli, ukihesabu ile iliyomo tayari kwenye vidonge vyako.

Usichotumia: pombe, diazepamu ya kuazima, dawa za usingizi. Ukiwa bado na opioidi mwilini, hivi vinashirikiana nayo kuzima pumzi. Pregabalini na gabapentini nazo zimo kwenye kundi hilo, ingawa watu huziona kama dawa za neva tu.

Hatua ikiwa nzito, simama hapohapo wiki mbili hadi nne. Kusimama si kushindwa. Kurudi juu ndiko kunakofuta kazi. Na usingizi ndio wa mwisho kurejea, hata wiki kadhaa baada ya mengine kupoa, usiuchukulie kama ishara kwamba mwili umeharibika.

Aliyejaribu kushuka mara mbili tatu akashindwa, au aliyehesabu dalili sita za DSM, asijing'ang'anize na ratiba hii. Kwake kuna buprenofini au methadoni. Buprenofini ina kanuni moja: haianzwi mapema. Inashika vipokezi (vituo vya neva ambako opioidi hukaa) kwa nguvu kuliko opioidi nyingine na kuzing'oa, lakini yenyewe inasukuma kwa nguvu kidogo. Ukiimeza dawa ya zamani ikiwa bado imejaa, arosto nzima inashuka kwa mkupuo. Husubiriwa saa 12 hadi 24 kwa dawa za muda mfupi, hadi arosto ionekane wazi.

---

MamaWaWodiYaPili

Naomba niweke breki, maana uzi kama huu ukisomwa na mgonjwa wa saratani ataficha maumivu yake.

Mwenye saratani au ugonjwa usiopona, mofini ni haki yake. Atazoea, atakuwa tegemezi wa mwili, na hilo si sababu ya kumnyima. Ngazi ya WHO ya 1986 ya kutuliza maumivu ya saratani ina opioidi ndani yake kwa makusudi. Kinachotakiwa ni dozi za saa maalumu badala ya kungoja alie, na dawa ya choo tangu siku ya kwanza, kama sena, kwa sababu usingizi na kichefuchefu mwili huvizoea lakini kukosa choo hauzoei.

Maumivu ya mgongo na magoti ya miaka ni hesabu nyingine. Jaribio la SPACE la 2018 liliwafuata wagonjwa 240 kwa miezi 12, na waliopewa opioidi hawakuwa na uwezo zaidi wa kufanya shughuli kuliko waliopewa dawa zisizo opioidi. Matumizi marefu yanaweza hata kuzidisha hisia ya maumivu: ngozi ikiguswa kidogo inauma, na kila dozi ikipanda eneo linaloumia linapanuka. Hapo kupunguza ndiko kunakoleta nafuu, ingawa mgonjwa hawezi kuamini hadi aione.

Na aliye nyumbani na mtu wa dozi kubwa ajue dalili hizi tatu: haamki ukimtikisa na kumwita, pumzi ni za mbali au anakoroma kama anayekabwa, mboni zimekuwa nukta. Midomo ya samawati au kijivu ni dakika za mwisho. Ita msaada, mpulizie pumzi moja kila sekunde 5, na kama kuna naloksoni ya puani (dawa inayozima nguvu ya opioidi) mpe dozi moja tundu moja, ngoja dakika 2 hadi 3, hajapumua mpe nyingine tundu la pili. Akipumua mlaze ubavu. Usimwache aende kulala eti amepona: naloksoni hudumu dakika 30 hadi 90, vidonge vya kuachia polepole bado viko tumboni. Kwa tramadoli naloksoni inarudisha sehemu tu, na kifafa bado kinaweza kuja, kwa hiyo hospitali ni lazima.

---

NusuKidonge

La mwisho wakuu. Aliyemaliza kushuka na kabati bado lina pakiti mbili?

---

BintiMfamasia

Zisilale humo hata usiku mmoja, kwa ile sababu ya MzeeWaDripu. Zirudishe famasi inayopokea dawa. Kama haipo karibu, toa vidonge kwenye karatasi zake, changanya na udongo au masimbi ya kahawa, funga ndani ya mfuko, kisha taka. Usivisage.

Viraka vya fentanili vina namna yake. Kiraka kilichokaa saa 72 bado kina dawa ya kutosha kumuua mtoto akikibandika au akikitafuna. Kikunje upande wa gundi ukutane na gundi, bonyeza kingo zote, na osha mikono kwa maji.